Safu ya 22: mhandisi wa kompyuta afundishwe nini

Kila linapozuka suala la kampuni za teknolojia kuhusika na mauaji ya halaiki, wapo wanaosema dawa ni sheria basi. Mfundishe mhandisi maadili utakavyo, bosi akiagiza atatekeleza, maana ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Hoja hiyo ina uzito. Shida ni kwamba wengi wanaoishika wanalichukulia somo la maadili kama mahubiri ya asubuhi.

Tuitazame Dehomag, kampuni tanzu nchini Ujerumani ya IBM, kampuni ya Marekani ya mashine za kuchakata data. Ndiyo iliyochakata sensa ya Prussia, jimbo kubwa kuliko yote la Ujerumani, ya Juni 1933, miezi michache tu baada ya Hitler kushika madaraka. Kila mtu alikuwa na kadi yake ya matundu, yenye safu 60. Safu ya 22 ilikuwa ya dini: tundu la 1 Mprotestanti, la 2 Mkatoliki, la 3 Myahudi. Kadi zilipita chini ya brashi ya umeme. Brashi ikikutana na tundu, kadi inadondokea kwenye kisanduku chake. Mashine hizo hazikuuzwa, zilikodishwa, na mwenye mashine ndiye aliyeuza kadi na kutuma mafundi. Mteja wa namna hiyo unaonana naye kila mara, na anachokifanya unakijua. Thomas Watson, mkuu wa IBM, alipokea nishani ya serikali ya Hitler mwaka 1937 na kuirudisha 1940.

IBM hujitetea kwamba kampuni tanzu hiyo iliangukia mikononi mwa Wanazi. Nao wanahistoria wengine wanakumbusha kwamba Wayahudi zaidi ya milioni moja walipigwa risasi Ulaya Mashariki bila kadi yoyote ya matundu. Ni kweli. Hata Rwanda mwaka 1994 hapakuhitajika kompyuta kwenye vizuizi vya barabarani: kitambulisho cha karatasi kilichotaja kabila, urithi wa Wabelgiji tangu miaka ya 1930, kilitosha.

Lakini hapo ndipo penye somo lenyewe. Safu ya dini haikubuniwa na Wanazi. Sensa za Ujerumani ziliuliza dini zamani. Uholanzi nayo iliandika dini katika daftari la wakazi, wala hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wajerumani walipovamia mwaka 1940 walilikuta limeshajazwa. Kati ya Wayahudi 140,000 hivi wa nchi hiyo, zaidi ya 100,000 waliuawa. Ufaransa waliouawa walikuwa kama robo. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, jiografia na aina ya utawala zikiwemo, ila daftari lile huwezi kuliondoa kwenye hesabu.

Sheria ingezuia? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na ni vizuri zipo. Ila sensa ya Ujerumani ya Mei 1939, iliyomtaka kila mtu aeleze kama babu na bibi zake wanne walikuwa Wayahudi, iliendeshwa kisheria kabisa. Serikali ikiwa ndiyo mhalifu, anayebaki kati ya swali na jedwali ni mtu wa data.

Wanaopinga kufundisha maadili wana takwimu yao wanayoipenda. Utafiti wa mwaka 2018 uliwapa wanafunzi 63 na wataalamu wa programu 105 visa 11 vya kuamua. Baadhi walionyeshwa kwanza kanuni za maadili za ACM, chama cha wanakompyuta. Majibu yao hayakutofautiana na ya wenzao. Basi, wanasema, maadili hayafundishiki. Mimi nasoma kingine: kilichopimwa ni mtu kusomeshwa kanuni kabla ya kujibu maswali. Nani angetarajia daktari ajue kushona jeraha kwa kusoma kiapo? Utafiti ule umeonyesha kwamba kubandika kanuni ukutani hakutoshi. Kuhusu kufundisha haukusema kitu.

Kufundisha kwenyewe kunaanzia darasa la hifadhidata, yaani la kupanga data kwenye majedwali ya kompyuta. Wape wanafunzi jedwali la shule lenye jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji cha asili na kabila, kisha waulize kila safu inajibu ripoti gani. Wengi watafuta kabila haraka na kujipongeza. Hapo waonyeshe kwamba jina la ukoo likiunganishwa na kijiji linairudisha ile safu, kwa makosa machache tu. Wafute kijiji pia, halafu wafungue nakala rudufu ya wiki iliyopita: safu zote zimo. Mwisho wamwandikie mkubwa wa mradi ukurasa mmoja kueleza kwa nini idadi ya jumla kwa kata inamtosha. Hiyo barua ndiyo ngumu kuliko yote.

Je, mkubwa atasikia? Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa Google walipinga Maven, mradi wa jeshi la Marekani wa akili bandia, na kampuni haikuuongezea mkataba. Februari 2025 Google hiyohiyo ikaondoa ahadi yake ya kutotengeneza akili bandia ya silaha. Kwa hiyo wanaodai sheria wasinyamaze. Ila vyuo navyo visiliweke zoezi lile kwenye somo la hiari la muhula wa mwisho, ambako hukaririwa na kusahaulika. Liwe swali la lazima kwenye mtihani wa hifadhidata, na asahihishe mwalimu yuleyule anayefundisha kuunganisha majedwali.