Albamu ya Jazi kwa Umeme wa Shemeji

Tulikuwa sita katika bendi, na kila mmoja alitoa shilingi 250,000 za kurekodi albamu. Mimi niliuza mbuzi, mwimbaji wetu alimwambia mkewe kwamba zake ni za matibabu ya goti, na mpiga tarumbeta hakutaka kusema amezitoa wapi, nasi tukaona ni adabu kutomuuliza. Mpiga besi tulimfanya mhazini kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kushika fedha za bendi akarudi nazo.

Ujanani hatukuujua mzigo huo. Bendi yetu ilikuwa mali ya shirika la umma, kama Nuta Jazz ilivyokuwa chini ya chama cha wafanyakazi tangu mwaka 1964, kwa hiyo magitaa, vipaza sauti na hata nyuzi zilizokatika vilikuwa juu ya mwajiri. Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 1990, mwekezaji wetu alikagua mali, akakuta tumba mbili na sisi, akabaki na tumba.

Studio tuliyoimudu ilikuwa chumba kimoja huko Mbagala, kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Kijana mwenye studio, ambaye tulimwita Prodyuza ingawa ni rika la mjukuu wangu, alitupunguzia bei kwa sharti kwamba umeme tujinunulie. Alitupokea kwa shikamoo sita, kisha akauliza saksafoni iko wapi, kwa kuwa tulimwambia tunarekodi jazi. Ilinibidi nimweleze kwamba Morogoro Jazz na Western Jazz zilijiita hivyo huku zikipiga rumba na chacha, na kwamba enzi zile jazi ilimaanisha bendi yenye magitaa na watu waliopiga pasi suruali zao. Aliitikia kwa heshima, akaandika kwenye kompyuta: "Wazee, nyimbo za zamani."

Kisha akatuvisha hedifoni zenye kliki, ile ti-ti-ti ya kompyuta inayomzuia mpigaji asikimbie wala asichelewe. Sisi tulizoea mtindo wa Radio Tanzania, bendi nzima katika chumba kimoja, ambapo ukikosea wimbo unaanza upya na wenzako wanakutazama mpaka unatamani kurudi kulima. Mpiga dramu alisikiliza kidogo, akavua hedifoni, akasema, "Mjukuu wangu, kuna mtu humu ndani anagonga nje ya mapigo." Alipoambiwa kwamba huyo mtu ni kompyuta, alijibu kwamba yeye anapiga dansi tangu mwaka 1978, hivyo kompyuta ndiyo imfuate. Mabishano hayo yalichukua saa tatu, zote za kulipia.

Hatimaye kliki ilizimwa. Sijui ilikuwa njaa au hasira, lakini tulipiga kama vijana, na tulipofika kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, nilimwona Prodyuza akiweka simu chini na kutikisa mabega. Ndipo giza likaingia. Kompyuta ilizimika na kila kilichokuwamo, kwa kuwa kijana alikuwa hajahifadhi chochote. Mpiga tumba, ambaye hahitaji umeme, aliendelea peke yake gizani kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa.

Tulichungulia nje, tukaona saluni ya jirani inang'aa. Mhazini akaapa kwamba asubuhi ile alinunua umeme wa shilingi 100,000 kwa simu, ila hakuwa ameuingiza kwa sababu mita ilikuwa na akiba kidogo. Alibonyeza zile tarakimu 20 mara tatu, na mara tatu mita ikazikataa. Prodyuza aliomba simu, akausoma ujumbe, akauliza kwa upole, "Babu, hii namba ya mita ni ya wapi?"

Ilikuwa ya nyumbani kwa mhazini, Yombo. Simu ilikuwa imeihifadhi, naye akaibonyeza kwa mazoea.

Tokeni ya mita moja haiingii katika mita nyingine, na mfuko wetu ulikuwa umebaki na nauli tu. Tuliamua kwamba kama umeme hautufuati, sisi tutaufuata. Jumamosi iliyofuata tulikodi kirikuu, tukapakia kompyuta, amplifaya, magodoro ya madirishani na Prodyuza mwenyewe juu yake.

Huko Yombo tulikuta shemeji, mke wa mhazini, ameshaziingiza zile tarakimu, amewasha friza iliyolala miaka mingi, na anauzia barafu mtaa mzima. Tulimsihi aizime kwa saa mbili tu.

"Shemeji zangu," alisema, "tangu tuoane, huyu bwana hajawahi kuniletea umeme wa laki moja. Leo ameleta, nanyi mnataka niuzime?"

Hatukuwa na hoja. Friza ilinguruma kwa sauti moja nzito isiyobadilika, nasi tukalegeza nyuzi mpaka magitaa yakapatana nayo. Tulikosea mara tisa. Mara ya kumi hakuna aliyekosea, tulifika kwenye chemko, nikapiga solo, kisha bendi nzima ikakata kwa kile kimya cha mapigo manne tulichokifanyia mazoezi mwezi mzima, na katikati ya kimya hicho sauti ya mtoto ikaingia kutoka mlangoni: "Hodi! Mama kasema barafu za mia tano!"

Prodyuza alitaka turudie. Mpiga dramu alikataa katakata, akisema mtoto yule ameingia kwenye pigo lenyewe, jambo ambalo kompyuta ilishindwa.