Jumla ya Wanachama: 1

Mshkaji wangu aliyebeba projekta ameshaimwaga hii stori kwenye magrupu, tena kaitia chumvi eti nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi. Dodoma hii mwezi wa nane, upepo wake mnaujua.

Ni ushirika fulani wa wakulima wa zabibu, siutaji. Walitaka mfumo wa wanachama. Mwingine angeandika kwa PHP, lugha nyepesi ya programu, akalala mapema, mimi nikaringa: lugha ngumu ya C, na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) nimeichomeka humohumo kwa EXEC SQL, data ziko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Usiku wa kuamkia mkutano nikaongeza idadi ya wanachama. Nilishasoma kwamba sqlca.sqlerrd[2] hukwambia swali limerudisha mistari mingapi. Nikaandika SELECT COUNT(*) INTO :jumla, yaani hesabu wanachama, idadi iweke kwenye jumla, kisha nikachapisha sqlerrd[2].

Mnaojua mshaanza kucheka. Subirini.

Nikajaribu kwa data za majaribio: mwanachama mmoja, mimi mwenyewe. Ikasema 1. Nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi ukumbi umejaa hadi madirishani. Mbukwenyi, mbukwenyi, salamu zikaisha, mwenyekiti akanimwagia sifa, "kijana wetu wa kompyuta". Nikabonyeza. Ukutani, maandishi makubwa kama bango la mkutano wa kampeni:

JUMLA YA WANACHAMA: 1

Kimya. Nikaisikia feni. Kuna mtu alikuwa anatafuna karanga, naye akaacha. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akainuka taratibu, akavua kofia, akasogea mpaka ukutani. Ile 1 ikahamia kwenye kipara chake. Akaitafuta kwa fimbo, asiipate, akanigeukia nayo kichwani.

"Mjukuu wangu, huyu mmoja ni nani?"

"Ngoja nichague kijiji, babu."

Mpunguzi: 1. Hombolo: 1. Mvumi: 1. Nikachagua kijiji ambacho hakina mwanachama hata wa dawa: 1.

"Kumbe anahamahama!" akasema mama mmoja kule nyuma.

"Na viingilio vyetu vyote vimeandikwa jina lake?"

Hapo macho yakamhamia mweka hazina. Maskini ya Mungu, akaanza kujifuta jasho kwa kosa langu.

COUNT(*) hurudisha mstari mmoja tu, na idadi yenyewe imekaa ndani ya huo mstari. Hata wanachama wakiwa sifuri, mstari ni mmoja, ndani yake kuna 0. Mimi nilihesabu bahasha, barua sikuifungua. Jibu lilikuwa limetulia kwenye jumla muda wote, hakuna aliyelichapisha. (Nyie wa PHP msicheke sana, mysqli_num_rows yenu ya kuhesabu mistari, kwenye COUNT nayo itawapa 1 hiyohiyo.)

Katibu akalamba kidole, akafungua kaunta buku: 412. Nikabadilisha neno moja, nikakompaili upya, 412 ikatokea, watu wakapiga makofi ya kunihurumia, pilau likaliwa, basi.

Jana nimepita soko la Majengo. Muuza zabibu kaniangalia, kaangalia mzani.

"Nikupimie ngapi, Bwana Mmoja?"

Nilitaka kilo mbili. Nimeondoka bila kununua.