Mama, Jaketi Langu na Daraja la Duluth

Mama yangu kauza dagaa pale Kirumba Mwaloni, Mwanza, tangu mimi sijazaliwa, kwa hiyo kwenye habari za maziwa huwa haambiliki. Sasa kaja kunitembelea huku Minnesota mwezi wa nne, tuko mezani tunakula zetu ugali, mimi katika kupiga stori nikasema hapo juu kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko Victoria. Aisee. Tonge likaishia njiani.

"Kubwa kuliko letu? Nani kalipima?"

Nikatoa simu nikamwonyesha, Superior ni kilomita za mraba elfu 82 na ushee, Victoria haifiki hata elfu 70, na kina chake ni mita 406 wakati letu ni kama 80 tu. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi, akasema hizo namba si wameandika wenyewe? Basi ikabidi Jumamosi twende Duluth akalione kwa macho yake.

Duluth ni mji wa bandari, uko kwenye kona ya magharibi kabisa ya hilo ziwa, kutoka kwetu Brooklyn Park ni saa mbili na nusu hivi kwa gari. Asubuhi hiyo kwetu kulikuwa na nyuzi 17, na kama umeshapitia baridi ya Minnesota unajua nyuzi 17 inavyomtia mtu wazimu, watu wameshusha vioo, miziki inalia, mimi nimetupia tisheti. Jirani yangu Mkenya akaniona natoka akapiga kelele dirishani, "Wewe beba jaketi, huko ziwa halijui kama baridi imeisha!" Nikarudi nikalichukua, shingo upande tu ili asije akanisema baadaye. Mama yeye alikuwa na sweta, vitenge viwili, mkoba wa chapati, na chupa ya chai aliyoikumbatia njia nzima.

Sasa kabla hujaingia mjini kuna mlima mmoja, Thompson Hill, ukishaanza kuushuka unaliona ziwa lote mbele yako. Na ile namba ya joto kwenye dashibodi nayo inashuka na wewe. Kumi na tano. Kumi na moja. Sita. Tukafika chini iko tatu. Yaani sikutanii, tatu. Maji ya lile ziwa mwezi wa nne bado ni ya baridi ya kuua, na upepo ukitoka mashariki unaisukuma hiyo baridi yote pamoja na mabonge ya barafu kuja kurundikana kwenye kona, na kwenye kona ndiyo kuna mji. Mama akaniuliza nimezima hita kwa nini. Hita ilikuwa imewaka.

Tukapaki Canal Park, ndiyo sehemu wanakoenda wageni wote, tukasogea ufukweni. Mapande ya barafu yanaelea yanagongana, kwa mbali ni maji tu mpaka upeo wa macho. Nikasubiri mama akubali. Kasimama, mikono kiunoni, anakagua.

"Mitumbwi iko wapi?"

"Mama, ni baridi, hakuna mitumbwi."

Akavuta pumzi puani, mara mbili. "Na halinuki samaki. Hili ni ziwa la mapambo."

Kilichomkamata mama hasa ni watu. Maana wenyeji wa pale, kwao nyuzi tatu ni kiangazi. Kuna vijana wanapita wanakula aiskrimu. Kila tunayepishana naye anatuambia siku nzuri leo, eh? Mama anawajibu wote "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, na wanafurahi.

Halafu kuna daraja, hilo ndilo alama ya mji, Aerial Lift Bridge. Limesimama hapo tangu 1905, ila kunyanyuka kwenyewe lilianza 1930 baada ya kufanyiwa ukarabati. Meli ikija, kile kipande chote cha barabara kinapanda juu, zima zima, mita 41, meli inapita chini, kinashuka. Nikamweleza mama nikidhani hapa nimemuweza. Akacheka.

"Sisi letu la Kigongo–Busisi lina kilomita tatu na limetulia pale pale. Daraja gani linaondoka watu wanalitaka?"

Nawaambia ukweli, sentensi hiyo mimi nimeikumbuka sana baadaye.

Tukalivuka kwa miguu kwenda upande wa pili, Park Point, ni ulimi mwembamba wa mchanga wenye nyumba za watu, umeingia ziwani kilomita kama 11, na kwa gari au kwa miguu njia ya kutoka ni hilo daraja basi. Upepo wa huko usiombe. Mama meno yanagongana lakini anasema hasikii baridi, mimi kama mtoto niliyelelewa vizuri nikavua jaketi nikamvika. Hajakataa. Akakaa kwenye benchi, akajifunika vizuri, akasema, "Sasa mwanangu, kimbia kalete ile chupa ya chai kwenye gari."

Nikavuka daraja mbio nimevaa tisheti. Nikafika kwenye gari, napapasa mifuko. Funguo ziko kwenye jaketi. Simu iko kwenye jaketi. Na chupa ya chai naiona kioo kwa kioo, imekaa kwenye siti na mkanda mama kaifunga.

Nageuka nirudi, nasikia kengele, ngo ngo ngo ngo. Mageti yameshuka. Daraja hilooo linaenda juu.

Basi watu wakaanza kutoka kila mahali, wengine na watoto mabegani, maana hiyo kwao ni burudani hasa kipindi hicho. Malango ya Soo, kule meli zinakoingilia kutoka maziwa mengine, yanafungwa katikati ya Januari mpaka tarehe 25 Machi, kwa hiyo mwezi wa nne watu wana hamu ya meli balaa. Mama mmoja pembeni yangu akaniambia nina bahati sana, hii ni ya zaidi ya mita 300, inakuja kubeba chuma. Nikamjibu kwa meno yanayogonga kwamba nimefurahi. Akaitazama tisheti yangu kwa heshima kabisa akasema, "Siku nzuri leo, eh?"

Mita 300 inayotembea taratibu kwa sababu mfereji wenyewe unaopita chini ya daraja una upana wa mita kama 90 na nahodha hataki kugusa ukuta. Nilijificha nyuma ya nguzo ya taa, nguzo yenyewe nyembamba kuliko mimi. Lakini kwa ng'ambo namuona mama, na naona hayuko peke yake. Kuna mzee mmoja wa Kizungu kasimama mbele yake, kavaa pensi. Magoti nje, mekundu. Mama anamuonyesha yale magoti kwa kidole, anatikisa kichwa kwa huzuni, kamshika mkono, kamtolea chapati, shakwe mmoja akashuka akaiondoa ile chapati mkononi kama alikuwa na miadi nayo, mama akatoa nyingine. Nikapiga kelele "Mamaaa!" Akanipungia.

Meli ikapiga honi. Hiyo honi unaisikia kwenye mbavu. Daraja nalo likaijibu, ni salamu yao hiyo. Na mama, toka ng'ambo, akapiga kigelegele. Watu wote upande wangu wakageuka kutafuta hiyo ni honi ya nini. Halafu ubavu wa meli ukaingia katikati yetu, ukuta wa chuma unapita, unapita, unapita, sioni kitu.

Ulipomalizika, benchi lile lina mama, na mama ana vitenge vyake viwili. Jaketi hana.

Daraja kushuka tu nikavuka kwa kasi ambayo sijawahi kuwa nayo hata shule. "Mama, jaketi?"

"Nimempa yule mzee. Maskini ya Mungu hana hata suruali."

"Mama, yule si maskini!"

"Umeyaona magoti yake wewe?"

"Mama, funguo! Simu!"

Hapo ndipo alipoelewa, akasimama, akaniambia ameelekea kule. Nikatimua mbio kwenye ile barabara ya Park Point, tisheti, upepo, napita nyumba za watu wanachoma nyama nje, nyuzi tatu wanachoma nyama, na nyuma yangu mama anakuja anapaza sauti "Mzee! Mzeeee!" Nikimfikiria mtu anayetazama dirishani pale naona hata aibu kusimulia.

Nikamkuta mbele kidogo, anatembea polepole, jaketi langu limembana mpaka mikono imekaa kama mabawa, sikioni ana simu yangu. Anaongea nayo. Kumbe jirani yangu Mkenya kapiga kuuliza tumefikaje, simu ikalia mfukoni, mzee wa watu akaona ni ustaarabu kupokea, akamwambia ni siku nzuri. Jirani kusikia sauti ya mzungu kwenye simu yangu akajua nimeshatekwa, anamuuliza kwa ukali "umemfanya nini ndugu yangu", na mzee anamjibu kwa upole kwamba kapewa na mama mmoja mkarimu sana ambaye hakukubali kukataliwa.

Ikabidi nielezee pande zote mbili, jirani akiwa spika. Mzee akavua jaketi, akalikunja vizuri kwanza ndiyo akanipa, akaniomba radhi yeye! Akasema alidhani kwetu ndiyo mila, na alikuwa analipeleka nyumbani amwonyeshe mke wake halafu warudi na mkate wa ndizi. Chapati alikuwa ameshamaliza, akaulizia kama zimebaki. Mama alipofika anahema, nikamtafsiria, akafungua mkoba akampa zote, ila akasisitiza nimwambie anunue suruali.

Tukageuza. Hatujafika hata kwenye benchi, ngo ngo ngo ngo. Mageti yanashuka, meli nyingine inatoka.

Mama akalitazama jaketi. Nikalivaa mwenyewe, nikafunga zipu mpaka kidevuni.

"Haya," akasema, anakaa. "Na chai iko wapi?"