Nani Anapanga Ratiba ya Sinema Zetu?

Jumanne moja niliomba ruhusa kazini, nikapanda daladala hadi kwenye jengo mojawapo la maduka jijini Dar es Salaam, nikapanda ngazi hadi juu ziliko kumbi za sinema, nikalipa zaidi ya shilingi 10,000 kuangalia filamu ya Kitanzania iliyokuwa imepangwa kuonyeshwa saa nane na nusu mchana. Hakukuwa na saa nyingine. Ndani tulikuwa watu sita. Kijana aliyenichania tiketi mlangoni alikuwa na adabu, na nilipomuuliza kwa nini filamu yetu imewekwa saa ambayo watu wako makazini, alinijibu, "Dada, sisi huku ratiba tunaletewa tu." Nilipopita tena Ijumaa iliyofuata, bango lake lilikuwa limekwisha kubanduliwa.

Jibu lile limekaa nami kwa muda mrefu, kwa sababu naona limebeba tofauti yote iliyopo kati ya kampuni zenye kumbi nyingi na ukumbi mmoja wa mtaani unaoendeshwa na mtu wa hapo hapo. Watu wanapolinganisha aina hizi mbili huzungumzia viti, kiyoyozi, ukubwa wa skrini na sauti inayotikisa kifua, na katika hayo kampuni kubwa zinashinda bila ubishi. Umeme ukikatika jenereta linawaka, vyoo ni safi, na mwanamke anaweza kwenda peke yake usiku akarudi salama, jambo ambalo kwangu si dogo hata kidogo. Sina nia ya kuyabeza hayo. Swali langu ni moja: anayekaa mezani kupanga ratiba yuko umbali gani na sisi tunaokwenda kuangalia?

Ili swali hili lieleweke, inafaa kujua biashara yenyewe inavyokwenda. Ukumbi haununui filamu, huikodi, na msambazaji huchukua sehemu ya kila tiketi inayouzwa. Katika wiki za mwanzo za filamu kubwa ya Marekani sehemu hiyo huweza kufika nusu ya bei ya tiketi au hata kuzidi, kisha hupungua kadiri wiki zinavyosonga, ndiyo maana riziki ya ukumbi hutegemea sana bisi na soda. Siku hizi filamu haiji tena kwa rili ndani ya makopo ya bati. Huja kama faili lililofungwa kwa ufunguo wa kidijitali, na ufunguo huo hufanya kazi kwenye mashine iliyotajwa tu, kuanzia saa iliyotajwa hadi saa iliyotajwa, na muda ukipita mashine haionyeshi kitu. Mara nyingi msambazaji huweka na masharti yake: filamu ikae wiki kadhaa, tena katika saa nzuri za jioni. Kampuni yenye kumbi nyingi huyakubali kwa sababu filamu hizo ndizo zinazojaza viti vyake, na saa zinazobaki, yaani mchana wa siku za kazi, hupewa filamu ya nyumbani ambayo haina fedha za matangazo wala msambazaji wa kuipigania. Kisha mahudhurio ya watu sita wa Jumanne mchana huandikwa kama ushahidi kwamba Watanzania hawapendi filamu za kwao. Hapo ndipo ninapokataa kwa nguvu zangu zote.

Ami yangu alikulia Mji Mkongwe, Unguja, na ujana wake wote aliumalizia katika kumbi za sinema. Majestic ya Vuga ilijengwa miaka ya 1950 baada ya ukumbi uliokuwapo pale, Royal, kuungua moto. Palikuwa na Empire kule Darajani, na baadaye Cine Afrique. Biashara ya sinema mjini humo ilianzishwa mapema katika karne ya 20 na mfanyabiashara wa hapo hapo, Hassanali Adamali Jariwalla, na kwa miongo mingi wenye kumbi walikuwa watu waliosali, waliozika na waliofanya biashara pamoja na wateja wao. Ami anasema picha ya Kihindi ilikuwa Jumapili, na tiketi za Jumapili zilikuwa zikilanguliwa kama sukari ya wakati wa shida. Palikuwa na picha za Misri zenye nyimbo, kwa sababu mwenye ukumbi alijua ni nyumba zipi zinasikiliza Umm Kulthum. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ambapo bibi yangu na mashoga zake waliingia na buibui zao, wakalia na kuimba bila kuangaliwa na mwanamume yeyote. Onyesho la namna hiyo halizaliwi katika ofisi ya mbali. Hulizaa mtu ambaye mke wake, dada yake na jirani yake wamemwambia kwa mdomo wao kwamba wanataka kuja lakini hawawezi kukaa katikati ya wanaume.

Kuna jambo moja la Ami ambalo sichoki kulisikia. Nakala ya picha ikiwa moja na kumbi ni mbili, picha ilianza kwanza ukumbi mmoja, na rili ya kwanza ilipokwisha ilitiwa kwenye kopo, kijana akaifunga nyuma ya baiskeli na kukimbia nayo vichochoroni hadi ukumbi wa pili, akarudi kufuata inayofuata. Baiskeli ikipata pancha, ukumbi mzima ulikaa gizani ukipiga miluzi, na kijana akiingia hatimaye na kopo lake alishangiliwa kuliko stelingi. Ni usumbufu, nakubali, na sitamani urudi. Lakini watu wale walijua jina la kijana wa baiskeli, naye alijua wanasubiri nini.

Wapo watakaosema kwamba namlaumu mwekezaji binafsi. Si hivyo, na historia yetu wenyewe inanizuia kusema hivyo. Mwaka 1968 serikali iliunda Tanzania Film Company, ambayo baadaye ilishika uingizaji na usambazaji wa filamu nchini, na majengo mengi yakataifishwa mwaka 1971. Uamuzi wa kipi kionyeshwe Tanga, Moshi au Mwanza ukahamia kwenye ofisi moja Dar es Salaam. Fedha za kigeni zilipoadimika, filamu zilezile zilizokwisha kuchakaa zikazungushwa mikoani mpaka watu wakazijua kwa moyo, na meneja wa ukumbi, hata alipowajua wateja wake vizuri, hakuwa na la kufanya. Video ilipoingia miaka ya 1980, na televisheni Tanzania Bara mwaka 1994, ilikuta kumbi zilizokwisha kudhoofika. Sinema ya magari ya Msasani, ambako watu waliangalia filamu wakiwa wamekaa ndani ya magari yao, imekwisha kutoweka, na eneo lake leo lina Ubalozi wa Marekani. Kwa hiyo ofisi ya mbali ni ofisi ya mbali, iwe ya umma au ya mwenye hisa.

Aliyeurithi ukumbi wa zamani, kwa maoni yangu, ni kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani. Mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, televisheni moja na spika mbili, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki: saa nane Mkorea, saa kumi mpira, usiku Mhindi. Mwenye kibanda huubadilisha ubao ule kila asubuhi kulingana na alichosikia jana yake watu wakitoka. Humo ndimo sauti ya Lufufu, mtafsiri wa filamu, ilimofanya filamu za kigeni zizungumze Kiswahili chenye utani wa kwetu, kama DJ Afro alivyofanya Kenya, na mtu asiyesoma maandishi ya chini ya skrini akafuata hadithi tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro yake kubwa naijua: nakala nyingi ni za wizi, na aliyetengeneza filamu hapati hata senti. Siwezi kuipenda sinema ya Kitanzania na papo hapo nikafumbia macho jambo hilo. Ila nauliza kwa nini hatujawahi kumpa mwenye kibanda leseni nafuu na filamu halali za nyumbani kwa bei anayoimudu, yeye ambaye anamjua mtazamaji kuliko mtu yeyote mwingine katika biashara hii.

Kumbi ndogo zinazojitegemea hazijafa kabisa. Nairobi ipo Unseen, ukumbi mdogo unaoonyesha filamu za Kiafrika na za hali halisi ambazo hazipati nafasi kwingine. Tangu mwaka 1998 Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi limekuwa likiwakusanya watu ndani ya Ngome Kongwe, Unguja; nimekaa pale juu ya ngazi za mawe, popo wakipita mbele ya mwanga wa projekta, kina mama nyuma yangu wakimjibu mhusika wa kwenye skrini kana kwamba ni binti yao aliyekosea. Hata hivyo tamasha ni la siku chache, kisha skrini inashushwa. Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, inasimulia Unguja ya mwisho wa ukoloni, wakati uleule ambao Majestic ilikuwa ikijaa watu. Majestic yenyewe imekaa miaka mingi bila kuonyesha filamu, ingawa juhudi za kuikarabati zimekuwapo.

Ninachokiomba kwa kampuni kubwa ni kidogo na kinapimika. Kila filamu ya Kitanzania inayokubaliwa kuingia ukumbini ipewe Jumamosi mbili mfululizo, saa moja na nusu usiku, hata kama ni katika ukumbi wao mdogo kuliko yote, na meneja wa tawi apewe mamlaka ya kuiongezea wiki akiona watu wanakuja, bila kusubiri barua kutoka makao makuu. Halmashauri nazo ziwapunguzie ushuru wenye kumbi ndogo watakaothibitisha kwamba sehemu ya ratiba yao ni filamu za Afrika Mashariki. Zikihesabiwa tiketi za Jumamosi hizo mbili na ukumbi ukaonekana bado mtupu, nitakubali kwamba nilikosea kuhusu watazamaji wenzangu. Hesabu ya Jumanne saa nane na nusu mchana siikubali.