Ukakasi wa Baga Unahukumiwa Mapema Mno

Ukionja mvinyo mwekundu wa Bairrada wenye miaka 2, utakunja uso. Ulimi unakauka, fizi zinakaza kama za mtu aliyetafuna bibo lisiloiva. Ndiyo maana wapo wanaotaka eneo hili la Ureno, lililo kati ya Coimbra na Atlantiki, liachane na njia za zamani. Mnunuzi wa leo, wanasema, hufungua chupa jioni ileile aliyoinunua. Basi vikonyo viondolewe, mapipa madogo mapya ya mwaloni yaingie, na zabibu ya kienyeji, Baga, ichanganywe na Merlot au Cabernet Sauvignon, kama kanuni za 2003 zinavyoruhusu.

Upande wa fedha wana haki. Mvinyo mwekundu ukiandikwa Garrafeira, jina la Kireno la mvinyo uliokomazwa, umekaa angalau miezi 30, 12 kati yake ndani ya chupa, na Baga nzuri hudai muda mrefu zaidi ya huo. Mkulima ana madeni ya sasa.

Ila kuhusu ukakasi, nadhani wanaushitaki kwa kosa lisilo lake. Punje ya Baga ni ndogo na ganda lake ni nene, kwa hiyo ganda ni jingi likilinganishwa na juisi, na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, pamoja na rangi zimo gandani. Kwa desturi vichala hutiwa na vikonyo vyake katika hodhi la mawe, vikakanyagwa kwa miguu. Mguu hupasua ganda bila kuvunja kokwa zenye uchungu. Vikonyo navyo huacha upenyo juisi ipite kwenye machicha, na huongeza tanini yao. Kisha mvinyo huhamia kwenye mapipa makubwa makuukuu, ambayo mbao zake hazina tena ladha ya kuuongezea.

Tanini hizo hazikai zilivyo. Mwaka hadi mwaka hushikana zenyewe kwa zenyewe, hushikana na rangi, zikawa nzito na kuzama. Inua chupa ya miaka 20 mbele ya mshumaa: mashapo meusi yamelala ubavuni, na mvinyo pembeni mwa glasi umegeuka rangi ya tofali. Yale yaliyokaza fizi ndiyo hayo yaliyotulia chini. Uchachu wa Baga, ambao ni mkali, ndio uliolinda kilichobaki muda wote huo. Ukiondoa ukakasi mwanzoni ili kumfurahisha mnywaji wa leo, unaondoa pia kilichokuwa kigeuke kesho.

Kosa halisi hutokea shambani. Baga huchelewa kuiva, na mvua za Atlantiki huweza kuiwahi mwezi Septemba au Oktoba. Vichala vimebanana, huoza upesi. Mwenye hofu huchuma mapema, vikonyo vikiwa bado kijani, na uchungu wa kijani hauponi kwa umri. Katika mwaka wa namna hiyo hata mimi ningeviondoa. Luís Pato, mtetezi mkubwa wa Baga, alianza kuviondoa miaka ya 1980, lakini zabibu yenyewe hakuitupa. Wapo pia wanaochuma sehemu ya vichala mapema na kuvitengenezea mvinyo wa povu, ili nguvu ya mzabibu iende kwa vilivyobaki.

Merlot huiva kabla ya mvua, kweli. Lakini kuipanda mahali pa mizabibu ya Baga yenye miaka 80 ni kung'oa kitu ambacho hata mjukuu wa mwenye shamba hataishi kukiona kikirudi.