Usuluhishi Uliofanyikia Chooni

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masijala katika mahakama ya mwanzo, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika kupokea madai ya watu waliogombana na mafundi: huyu kajengewa ukuta uliopinda, yule kaezekewa bati linalovuja, na fundi naye amekuja na daftari lililokunjamana kuonyesha kwamba hajalipwa ujira wake. Karibu wote walikuwa wamekubaliana kwa mdomo. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinayapa nguvu makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, hata kama hayakuandikwa, lakini kuyathibitisha mbele ya hakimu ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo nilipoamua kukarabati bafu na choo cha nyumba yangu iliyopo Tabata, Dar es Salaam, niliandika mkataba wa kurasa nne, wenye vipengele vilivyopewa namba, nikamkabidhi fundi ausome kabla ya kutia saini.

Fundi alitia saini bila kufungua ukurasa wa pili. “Mzee wangu,” aliniambia, “mimi nasoma ukuta, karatasi huwa sisomi.”

Mkataba ulisema kwamba ujira wa ufundi ni shilingi 600,000, utakaolipwa kwa awamu tatu: asilimia 40 kabla ya kuanza, asilimia 40 baada ya marumaru kupangwa, na asilimia 20 baada ya ukaguzi. Kipengele cha saba, ambacho nilikiandika usiku na kukipenda sana, kilisema kwamba kazi itahesabiwa kuwa imekamilika pale maji yatakapokwenda yanakopaswa kwenda. Vifaa nilinunua mwenyewe, isipokuwa choo cha kukaa, ambacho fundi alidai angekipata eneo la Gerezani, hapa jijini, kwa muuzaji anayemfahamu, kwa bei ya mafundi. Kila mwenye nyumba anajua kwamba katika bei ya mafundi kuna cha juu cha fundi, na mimi si mtu wa kumnyima mtu riziki yake. Alikichukua kwa mkopo kwa shilingi 230,000, tukakubaliana kwamba fedha hiyo nitamrudishia pamoja na awamu ya mwisho.

Kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Kulikuwa na hela ya kula, kulikuwa na nauli ya saidia fundi, kulikuwa na mfuko wa saruji ulioganda katika mazingira ambayo hayakuelezwa, na kulikuwa na msiba wa mama mkwe wa fundi, ambaye baadaye alipita kumletea mkwewe chakula cha mchana akiwa na afya njema. Hatimaye marumaru zikapangwa, choo kikafungwa, nikalipa awamu ya pili.

Jioni hiyo mke wangu aliingia kuoga. Sakafu ya bafu hutakiwa kuteremka kuelekea kwenye tundu la kutolea maji, walau sentimita moja kwa kila mita, na yetu iliteremka kwa kiwango hicho hicho barabara, ila ilielekea mlangoni. Maji yalitoka chini ya mlango, yakafuata korido, yakaingia sebuleni na kutulia chini ya makochi yaliyokuwa yametoka kushonewa vitambaa vipya. Tundu la kutolea maji halikupata hata tone. Mjusi alikuwa amekwisha kujipatia makazi humo.

Fundi alipoitwa, aliitazama sakafu kwa muda mrefu, akaenda nje kuitazama nyumba, akarudi na jibu. “Nyumba yako, mzee, imeegemea upande wa barabara. Mimi nimeifuata nyumba.” Nilimsomea kipengele cha saba. Akasema kwamba maji yamekwenda, tena kwa kasi, na kwamba suala la wapi yanakopaswa kwenda ni la maoni. Hata hivyo, kwa kuniheshimu, alikuwa tayari kujenga kizingiti mlangoni kwa nyongeza ya shilingi 60,000. Nilimuuliza maji yakizuiwa na kizingiti yatakwenda wapi, akanijibu kwamba yatakauka. Nikamwambia kwamba sitalipa senti hadi sakafu ivunjwe na kupangwa upya. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikadhani kwamba amekwenda kutafakari.

Sasa, fundi wa Dar es Salaam anayedai fedha zake anajua jambo moja ambalo sheria haijaliandika, nalo ni kwamba mwenye nyumba hulipa haraka zaidi akiwa na wageni. Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunapokea posa ya binti yetu. Wageni walikuwa wametoka Muheza, mkoani Tanga, tangu alfajiri: mshenga, ambaye ni mzee wa makamo ya juu mwenye sauti nzito, pamoja na mjomba na shangazi wa kijana. Mke wangu alikuwa ametandika mikeka mipya sebuleni, amepika pilau, na amepiga marufuku mtu yeyote kufungua koki ya bafuni. Viatu vilivuliwa mlangoni, salamu zikakamilika, na mshenga akaomba kuonyeshwa maliwato kabla ya kuanza mazungumzo.

Hapo ndipo fundi alipopiga hodi, akiwa na saidia fundi wake aliyebeba spana. Kwa kuwa palikuwa na wageni, nililazimika kusema “Karibu, fundi,” kwa uchangamfu ambao sikuwa nao, na shangazi wa kijana, akidhani kwamba ni ndugu wa upande wetu, akamsogezea sharubati. Fundi aliinywa yote, akashukuru, akatangaza kwamba amekuja kuchukua mali yake, kisha akaelekea korido. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa.

“Hodi humo ndani.”

“Pana mtu,” ilijibu ile sauti nzito.

“Shikamoo, mzee. Samahani sana, lakini hicho ulichokalia ni changu.”

Kimya kilipita. Nilitamani ile sakafu inimeze, ingawa kwa namna ilivyopangwa ingenitemea sebuleni.

“Marahaba, mwanangu,” mshenga alisema hatimaye. “Chako kwa vipi?”

Fundi akaeleza. Nilipojaribu kumkatiza, mshenga alisema kwa upole kwamba yeye kule Muheza aliwahi kuwa mjumbe wa baraza la kata, kwamba utaratibu ni kila mmoja kusema bila kuingiliwa, na kwamba hakuna haja ya haraka kwa sababu yeye hana pa kwenda kwa wakati ule. Fundi akamaliza hoja zake. Zamu yangu ilipofika, nilikwenda chumbani kuleta mkataba, nikausoma wote mbele ya mlango, kipengele kwa kipengele. Nilipofika ukurasa wa tatu, mjomba, shangazi, mke wangu, binti anayeposwa na majirani wawili waliokuja kusaidia kupakua walikuwa wamejaa korido.

“Choo kimefungwa kwa nini?” aliuliza mshenga.

“Kwa skrubu mbili na sementi nyeupe,” alijibu fundi.

Hapo niliona mwanya. Nilimweleza mshenga kwamba, kwa tafsiri iliyomo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi ni pamoja na majengo na miundo iliyoambatanishwa nayo kwa kudumu, na kwa kuwa choo kimeambatanishwa na nyumba, na nyumba imeambatanishwa na kiwanja, basi choo hicho ni ardhi, na ardhi hiyo ni yangu.

“Mzee,” alisema fundi, “ningekuwa na ardhi ya kugawa Tabata, ningekuwa nafunga vyoo vya watu?”

Majirani wawili walicheka, jambo ambalo halikustahili kutokea katika shauri. Mshenga alitafakari, kisha akasema kwamba hoja yangu ni nzuri ila inanikata mwenyewe, kwa maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, bali kupatanisha tu. Kwa hiyo kama choo ni ardhi, yeye hawezi kunipa ushindi hata angetaka, na atatupatanisha. Sikuwa na la kujibu. Nimefanya kazi mahakamani kwa muda mrefu bila kukutana na mtu aliyenishinda kwa sheria akiwa katika hali ile.

Akaendelea na uchunguzi. “Fundi, usawa wa sakafu ulipima kwa kifaa gani?”

“Kwa mpira wa maji, mzee.”

“Ulitoa hewa?”

“Hewa ipi?”

Mshenga alishusha pumzi, tukaisikia. Akaeleza, kwa manufaa ya wote waliokuwepo korido, kwamba mpira unaopitisha mwanga ukijazwa maji, ncha zake mbili huonyesha usawa mmoja hata zikiwa pembe tofauti za nyumba, na kwamba ndiyo maana mafundi huupenda kwa vile hauna gharama. Lakini kikibaki kiputo cha hewa katikati, ncha moja itasema juu na nyingine itasema chini, na fundi atapanga sakafu nzima kwa kuamini uongo. Saidia fundi aliinamisha kichwa. Baadaye ilifahamika kwamba siku ya kupima, yeye alishika ncha yake kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili.

“Tuone ushahidi,” alisema mshenga, na kabla mke wangu hajapata nafasi ya kupaza sauti, tulisikia ndoo nzima ikimwagwa.

“Maji yanakuja kwenu,” alitangaza.

Yalikuja kweli. Korido ilijaa vilio. Shangazi wa kijana alipanda kwenye kiti cha plastiki akiwa amekumbatia kanga zake, majirani wakakimbilia jikoni, na mjomba, aliyekuwa amerudi sebuleni kwa ajili ya heshima ya posa, alikaa palepale kwenye mkeka akiwa na soksi zake nyeupe hadi maji yalipompita. Fundi alisimama wima akiyatazama maji yakienda, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba ni suala la maoni.

Maamuzi yalitolewa mlango ukiwa bado umefungwa. Fundi atavunja sakafu na kuipanga upya bila ujira wa ziada. Mimi nitanunua marumaru za kufidia zitakazovunjika. Fedha ya choo, shilingi 230,000, itolewe mara moja, kwa sababu muuzaji wa Gerezani hana kosa lolote katika jambo hili. Shilingi 120,000 za awamu ya mwisho zibaki hadi ndoo nyingine imwagwe na maji yafuate tundu. Na kwa kuwa fedha taslimu niliyokuwa nayo mfukoni siku hiyo ilikuwa ya shughuli, choo kiwekwe ofisi ya serikali ya mtaa kama dhamana mpaka nitakapolipa. Kisha mshenga akaomba dakika chache za faragha, akatoka akiwa amenawa, akapeana mikono na kila mtu, na fundi akaingia na spana.

Tuliporudi kwenye mikeka iliyolowa, tukaanza mazungumzo ya posa. Mahari ilitajwa kuwa shilingi 1,000,000, na hatukubishana. Lakini mshenga akakohoa, akasema kwamba amevutiwa sana na busara ya mkataba wangu, na kwamba upande wao ungependa kulipa kwa utaratibu uleule: asilimia 40 leo, asilimia 40 siku ya ndoa, na asilimia 20 baada ya ukaguzi. Wanazuoni wameruhusu sehemu ya mahari kucheleweshwa, kwa hiyo hoja ya dini sikuwa nayo, na hoja nyingine zote nilikuwa nimezimaliza mwenyewe kwa sauti kubwa mbele ya mlango wa choo. Nilikubali. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo nisingependa kuieleza hapa.

Choo kilikaa ofisi ya serikali ya mtaa kwa muda uliozidi matarajio, kwani nilitaka kwanza kuona sakafu mpya. Kilikuwa kimewekwa ukutani karibu na dirisha, kifuniko kimeshushwa, na kwa kuwa ofisi ile ina upungufu wa viti, watu waliofuata barua za utambulisho walikuwa wakikikalia wakisubiri zamu. Mwenyekiti aliniambia kwamba foleni imekuwa na utulivu zaidi. Fundi, kwa upande wake, alivunja sakafu na kupima upya, safari hii akiushika mpira mwenyewe na kuugonga kwa kidole hadi kiputo cha mwisho kikatoka. Ndoo ikamwagwa. Maji yakageuka, yakaenda kwenye tundu, na mjusi akahama.

Nikalipa 230,000 mbele ya mwenyekiti, nikakodi guta kwa shilingi 8,000 kukirudisha choo nyumbani, kikafungwa. Ndipo nilipomweleza fundi kwamba katika shilingi 120,000 nitakata hizo 8,000, kwa kuwa aliyekiondoa choo ndiye anayepaswa kugharimia kurudi kwake. Fundi akasema kwamba choo kilikwenda ofisini kwa amri ya usuluhishi, na amri ile haikutaja nauli. Kuhusu nauli mkataba ulikuwa kimya, na hilo kila mmoja wetu alilichukua kuwa ni ushindi wake. Alikataa 112,000, nikakataa 120,000, na fedha ikabaki kwangu hata ndoa ilipofungwa na binti akahamia kwa mumewe.

Baada ya fungate nilimpigia simu mshenga, nikamuulizia kwa staha asilimia 20 ya mahari ya binti yetu.

“Ukaguzi umekwenda vizuri sana, mzee mwenzangu,” alinijibu. “Binti ana adabu, hatuna dosari. Hivi yule fundi umeshamlipa?”

Sikujua kwamba walibadilishana namba za simu. Jioni hiyo nilimtumia fundi shilingi 112,000, na safari hii hakuzirudisha. Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia: nimepokea shilingi 192,000 kutoka Muheza.