UKAWA ya 2015: kujumlisha kura na kupata wapiga kura wapya

Kila uchaguzi mkuu ukikaribia Tanzania, wapinzani huulizwa swali lilelile: kwa nini msiungane? Huulizwa kijiweni, huulizwa kwenye daladala, na anayeuliza mara nyingi ameshajijibu mwenyewe kwamba wakiungana tu, CCM inaondoka. Mwaka 2015 nami niliamini hivyo. Hadi leo naona muungano ule, UKAWA (Umoja wa Katiba ya Wananchi), ulistahili kuundwa. Ila hesabu tuliyoipiga ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo tumeizungumza kidogo mno.

Tazama namba. Mwaka 2010 Jakaya Kikwete alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 63. Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alipata 27, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 8. Ukijumlisha wapinzani wote wa mwaka ule, wadogo wakiwemo, hupati zaidi ya 37 na ushee. Miaka mitano baadaye CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD wakasimama nyuma ya mgombea mmoja, Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani ambaye CCM ilikuwa imelikata jina lake Dodoma mwezi Julai. Tume ya Uchaguzi ikamtangazia kura 6,072,848, karibu asilimia 40. John Magufuli akapewa 8,882,935.

Kwa hiyo vyama vinne, mgombea mwenye jina kubwa, mikutano iliyofurika, vijana wakizungusha mikono hewani kama refa anayeruhusu mchezaji kubadilishwa, na asilimia iliyoongezeka ni kama tatu hivi. Wanaoutetea muungano wana majibu mawili, na yote yana uzito. Kwanza, kwa idadi, kura za upinzani ziliongezeka maradufu. Ni kweli, ingawa waliopiga kura nchini nao waliongezeka kutoka milioni 8.6 hadi zaidi ya milioni 15. Pili, UKAWA iliyakataa matokeo yale, na Katiba yetu hairuhusu mahakama kuchunguza ushindi wa rais akishatangazwa na Tume, kwa hiyo namba hizo hazikuwahi kupimwa popote. Hilo nalikubali kabisa. Lakini hata ukiziongezea chumvi upendavyo, bado unabaki na jambo ambalo wengi wetu hatukuliona.

Jambo lenyewe utaliona vizuri ukivuka Namanga. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda kwa asilimia 36 tu. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga waligawana zilizobaki. Wakenya waliomkataa Moi walikuwa wengi tayari, walichokosa ni kapu moja la kuzitia kura zao. Kapu hilo likapatikana 2002, NARC ilipomsimamisha Kibaki naye akapata asilimia 62. Tanzania haijawahi kuwa hivyo. Kwa matokeo yaliyotangazwa, Benjamin Mkapa alipata karibu 62 mwaka 1995, na Kikwete 80 mwaka 2005. Hapakuwa na wengi waliogawanyika ambao UKAWA ingewaunganisha. Ilipaswa kumpata mpiga kura ambaye jana alikuwa wa CCM, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Lowassa ndiye aliyeletwa kuifanya.

Nasema hivyo bila kumdharau. Katiba yetu inampa urais mwenye kura nyingi kuliko wenzake, duru ya pili haipo, na katika mfumo wa namna hiyo kugawana kura ni kujinyonga. Ngazi ya ubunge ilithibitisha hilo. Kwa kuachiana majimbo, CUF iliyokuwa na majimbo mawili tu Bara mwaka 2010 ilifikisha kumi: Temeke, Kinondoni, Tanga Mjini, Mtwara Mjini, hadi Kaliua kule Tabora. Pale waliposhindwa kuachiana, kama Segerea ambako CHADEMA na CUF wote walisimamisha watu, CCM ndiyo iliyoondoka na kiti.

Kuachiana nako kulihitaji somo. Nakumbuka jirani yetu mmoja Temeke, mama muuza vitumbua, jioni moja kabla ya kura akihesabu kwa vidole huku kikaango kikiwa bado motoni: "Rais CHADEMA, mbunge CUF, diwani… diwani ni nani, mwanangu?" Alikuwa ameitafuta UKAWA kwenye mfano wa karatasi ya kura asiione. Isingeweza kuonekana. Sheria haikuutambua muungano, bali chama kimoja kimoja. Ndiyo maana Juma Duni Haji alilazimika kuihama CUF na kuchukua kadi ya CHADEMA ili awe mgombea mwenza.

Na gharama ya kuachiana haikuwa sawa kwa wote. Ruzuku na viti maalum vya wanawake hutegemea kura za ubunge na majimbo ya kila chama, kwa hiyo chama kinachomwachia mwenzake jimbo kinaziacha na fedha za miaka mitano. NCCR-Mageuzi iliingia ikiwa na majimbo manne iliyoyapata 2010. Ilitoka na moja, Vunjo ya mwenyekiti wake James Mbatia. Sababu za kupoteza jimbo huwa nyingi na sizitwiki zote muungano, lakini sikumbuki kuona makubaliano yoyote ya wazi kuhusu namna aliyepata zaidi angemshika mkono aliyepoteza. Kwangu mimi hilo ni kosa zito kuliko hata suala la mgombea.

Suala la mgombea lenyewe halikuwa dogo. Septemba 2007, kwenye viwanja vya Mwembeyanga hapohapo Temeke, Dk. Slaa alisoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na Lowassa alikuwamo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 wafuasi walewale wakatakiwa kumwimba. Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF mwezi Agosti, Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama mwanzoni mwa Septemba. Waliobaki walikuwa na hoja: bila kada mzito kutoka ndani ya CCM, yule mpiga kura mpya angetoka wapi? Waliojitoa nao walikuwa na hoja: UKAWA ilizaliwa Aprili 2014 kwa kutoka nje ya Bunge Maalum la Katiba, kuitetea rasimu ya katiba ya Jaji Warioba na muundo wa serikali tatu. Kufikia kampeni, katiba ilikuwa imesogezwa nyuma na jina la mtu limewekwa mbele. Hapa nasimama na waliojitoa, ingawa mwaka ule niliwakasirikia sana.

Maana mtu huhama. Lowassa alirudi CCM Machi 2019. Mwezi huohuo, baada ya mgogoro wa CUF kuamuliwa mahakamani kwa faida ya Lipumba aliyekuwa amerudi kudai kiti chake, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, na wafuasi wake walihamia ACT-Wazalendo kwa kauli ya "shusha tanga, pandisha tanga". Miaka minne baada ya kampeni zile, kilichobaki cha UKAWA kilikuwa kumbukumbu.

Mwaka 2025 swali la kuungana lilirudi, na vyama vikuu vya upinzani vikashika njia mbili. CHADEMA ilidai mabadiliko kwanza ndipo uchaguzi, ikakataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili. ACT-Wazalendo iliamua kushiriki na kumsimamisha Luhaga Mpina, ambaye naye alienguliwa. Siku ya kura, Oktoba 29, hakuna hata mmoja kati ya vyama hivyo aliyekuwa na mgombea wa urais wa Muungano kwenye karatasi. Mmoja alisusa, mwingine alijitokeza, na kilichowazuia wote ni kanuni za mchezo zilezile ambazo rasimu ya Warioba, iliyojadiliwa Dodoma mwaka 2014, ilikusudia kuzibadili. Wakikutana tena, ningependa waanze na ukurasa ule wa tume huru na matokeo ya urais kuhojiwa mahakamani, kisha waandike nani atapata ruzuku kiasi gani na nani atafidiwa jimbo lipi, wausome mkataba hadharani, ndipo watafute jina.